Siku ya Tatu Tushike Jembe

Muhula uliopita, tulipokuwa tukichora jalada la gazeti hili katika chumba cha kompyuta, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, programu hii tunayochorea hatukuinunua. Basi huyo aliyeitengeneza anakula wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi nami nikacheka kidogo, nikamwambia aendelee na kazi kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Lakini swali lile halikunitoka. Nililala nalo na kuamka nalo, na sasa nimemwomba Mhariri anipe nafasi nilijibu mbele ya wote, maana naona linawahusu wanafunzi, walimu, na hata wazazi wanaotuletea watoto wao hapa.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu huria, yaani zile ambazo wenyewe wameziacha wazi ili kila mtu azitumie, azichunguze, azibadili na kumpa mwenzake, zimetukaribisha mezani kwa miaka mingi. Tumekula, tumeshiba, tumenawa mikono na kuondoka. Maoni yangu ni kwamba siku mbili zetu zimekwisha zamani, na shule yetu yapaswa kushika jembe. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na jinsi nilivyoingiwa na aibu siku moja huko London, mbele ya watu ambao hata hawakukusudia kuniaibisha.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha sita, mjomba wangu alinitafutia kazi katika duka moja la kuchapa kadi za harusi, mihuri na mabango. Jina la duka silitaji. Programu tuliyokuwa tukichorea ilikuwa mali ya kampuni ya nchi za nje, na bei yake ilizidi faida ya duka letu ya miezi mingi. Hatukuinunua. Mtu mmoja alituletea nakala ya wizi katika diski, pamoja na namba za kuifungulia, akapewa soda na nauli yake, akaenda zake. Maduka yote ya jirani yalifanya hivyo hivyo, na hapakuwa na mtu aliyeliita jambo lile wizi.

Siku moja mwaka 2009 diski ya namna hiyo ilituingizia virusi. Kazi zote zikapotea, na miongoni mwake zilikuwamo kadi za harusi tatu ambazo nilikuwa nimezichorea maua kwa siku nyingi. Mwenye duka akalazimika kurudisha malipo ya watu. Baba wa bibi harusi mmoja alisimama mlangoni akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la shule. Mzee mwenye duka hakunikaripia. Aliniambia tu, "Kijana wangu, kitu cha kuiba hakina mtu wa kumlalamikia."

Juma lililofuata fundi mmoja wa kompyuta alituletea diski nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwoga, nikamuuliza kama hii nayo imeibwa. Akajibu, "Hii huwezi kuiiba hata ukitaka. Wenyewe wamesema, chukua." Programu hiyo ilikuwa Inkscape, na ndiyo hii tunayochorea gazeti letu mpaka leo.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuitumia, yafaa nieleze kidogo. Picha zilizomo katika kompyuta ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni kama kazi ya shanga: picha nzima ni vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kila kitone na rangi yake. Picha ya kamera ni ya namna hii. Ukiikuza sana vitone navyo huonekana, na ukingo wa duara huwa kama ngazi. Namna ya pili ni mchoro wa vekta. Hapa kompyuta haihifadhi vitone, bali huhifadhi maelezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi ya kijani. Ni kama fundi cherehani anayeweka vipimo vya nguo katika daftari lake. Kwa vipimo vile vile aweza kushona kanzu ya mtoto au ya mtu mzima, maadamu ajua kuzidisha. Nembo ya shule iliyo juu ya ukurasa wa kwanza wa gazeti hili, ndogo kama kizibo cha soda, na ile iliyo katika bango la langoni, zimetoka katika faili moja.

Maelezo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo SVG. Mwaka 1998 makampuni makubwa yalikuwa yameleta mapendekezo yanayoshindana, kila upande ukitaka njia yake ndiyo ifuatwe. Chama kinachotunga kanuni za wavuti, W3C, kiliamua itungwe lugha moja isiyo ya kampuni yoyote, na mwaka 2001 ikathibitishwa. Faili la SVG ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia waweza kulisoma mwenyewe: utaona pametajwa duara, halafu x ya kituo chake, y yake, na nusu kipenyo chake. Wale wanaoniuliza darasani jedwali la x na y litawafaa nini maishani, hili nalo walitie katika hesabu.

Sasa nije kwenye habari ya London. Mwaka 2016 nilikuwa huko kwa masomo ya ualimu. Nikasikia kwamba mwezi wa Aprili pangekuwa na mkutano uitwao Libre Graphics Meeting, katika Chuo Kikuu cha Westminster, upande wa Harrow. Mkutano huu ulianza Lyon, Ufaransa, mwaka 2006, ukazunguka miji mingi kama Montreal, Vienna, Madrid na Leipzig. Hukutanisha watengenezaji na watumiaji wa programu huria za michoro: Inkscape ya michoro ya vekta, GIMP ya picha za vitone, Scribus ya kupanga kurasa za magazeti na vitabu, na nyinginezo. Tena kiingilio hakuna. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akihesabu nauli ya basi kila asubuhi, jambo hilo halikuwa dogo.

Nilivaa suti na tai, maana kwetu mtu akienda mkutanoni huvaa. Nilipofika niliona watu wamevaa fulana, wengine wameketi sakafuni ukutani na kompyuta mapajani. Hakuna aliyeniuliza nina shahada gani wala nimetumwa na nani. Nikavua tai nikaitia mfukoni.

Vikao vya watengenezaji programu si kama hotuba za mgeni rasmi. Mtu hupanda mbele, huonyesha kazi yake ukutani, husema wapi amefika na wapi amekwama, kisha huulizwa maswali. Katika vikao viwili vya kwanza sikuelewa hata nusu ya yaliyosemwa, nikajiona nimepotea njia. Basi nawaambia wanafunzi: kutoelewa kikao cha kwanza si sababu ya kuondoka. Nilifanya kama ninavyowafundisheni, nikaandika daftarini kila neno geni ili nilitafute jioni. Siku ya pili maneno yale yale yalirudi, nami nikawa nimekwisha kuyajua kumi au kumi na tano.

Walipotaja mikunjo ya Bézier niliburudika, kwa kuwa hapo palikuwa nyumbani kwangu. Jaribu mwenyewe kwa penseli na rula. Weka nukta nne, A, B, C na D, zisiwe katika mstari mmoja. Unga AB, BC na CD. Tafuta katikati ya kila mstari, uite P, Q na R. Unga PQ na QR, utafute katikati zake, S na T. Unga ST, utafute katikati yake, U. Nukta hiyo U imo katika mkunjo unaotoka A kwenda D, na mstari ST unaugusa mkunjo pale pale. Rudia kwa A, P, S, U, na tena kwa U, T, R, D, utapata nukta mbili zaidi. Endelea hivyo nawe utauona mkunjo ukijitokeza kama ubavu wa jahazi, ingawa rula yako imenyooka.

Mikunjo hii ina historia ya kutufundisha. Paul de Casteljau aliigundua njia hiyo katika kiwanda cha magari cha Citroën mwaka 1959, lakini kampuni ikaifanya kuwa siri yake. Pierre Bézier wa kiwanda cha Renault aliifikia mikunjo ile ile kwa njia yake katika miaka ya 1960, naye akaitangaza. Leo ulimwengu wote husema mikunjo ya Bézier. Aliyeficha hakukosa akili, wala hakukosa haki ya kwanza, lakini jina lilikwenda kwa aliyetoa.

Sasa niseme habari ya aibu yangu. Wakati ule ukichora kisanduku katika Inkscape na kuandika ndani yake, maneno yalijikunja yenyewe yanapofika ukingoni. Ni jambo zuri sana kwa mabango. Lakini ukilipeleka faili hilo katika kivinjari cha intaneti, mara nyingi mahali pa maneno uliona kisanduku cheusi kitupu. Jambo hilo nilikuwa nikilijua kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiliepa kwa kuandika mstari mmoja mmoja, huku nikinung'unika. Kikaoni palipotolewa nafasi ya maswali, moyo ulinidunda. Niliogopa Kiingereza changu, niliogopa swali langu ni la kitoto. Hata hivyo nilikumbuka kwamba kuuliza si ujinga, nikanyanyua mkono.

Hakuna aliyecheka. Nilielezwa kwa upole kwamba kanuni za kukunja maneno zilikuwamo katika rasimu ya SVG iliyoitwa 1.2, na Inkscape iliifuata mapema kwa kutumaini kwamba ingethibitishwa. Rasimu ile haikuthibitishwa, na vivinjari havikuifuata. Kwa hiyo maneno yaliandikwa kwa sheria ambayo haikupata kuwa sheria. Nilielezwa pia kwamba ndani ya programu mna amri ya kuyageuza yawe maandishi ya kawaida kabla ya kulituma faili. Ilikuwamo siku zote, nami sikuitafuta. Kisha nikaulizwa swali moja tu: tangu ulipoliona jambo hili, umepata kumwandikia mtu yeyote?

Nilinyamaza. Kwa miaka saba nilikuwa nimekula kwa programu ile. Kadi za harusi nilizochora zilinilipia nauli ya chuo. Mabango yake yalimnunulia mama yangu mabati. Na katika miaka yote hiyo sikuwa nimeandika hata mstari mmoja kusema asante, au kusema hapa pana kasoro. Nilikuwa mgeni wa miaka saba ambaye hajauliza jembe liko wapi.

Jioni ile mshiriki mmoja aliketi nami akanionyesha jinsi ya kuandika taarifa ya kasoro. Nilishangaa kuona kwamba ni sawa na taarifa ya maabara mnayoandika kwa mwalimu wa fizikia. Unasema una toleo gani la programu. Unasema ulifanya nini, hatua kwa hatua. Unasema ulitazamia kuona nini, na uliona nini. Kisha unaambatisha faili dogo kabisa linaloonyesha kasoro hiyo, bila mapambo mengine. Usiseme "haifanyi kazi", kwa kuwa hilo halimsaidii mtu. Usitukane, kwa kuwa atakayesoma huenda ametoka kazini kwake amechoka na anafanya hili kwa hiari. Kabla ya kutuma, tafuta kama mwingine amekwisha kuliandika, usimfanye mtu asome jambo moja mara kumi.

Sasa naweza kumjibu binti yule wa kidato cha pili. Anakula wapi aliyetengeneza? Kwanza, si mtu mmoja. Mwaka 1999 Raph Levien alianzisha programu ndogo iliyoitwa Gill. Kutokana nayo Lauris Kaplinski akaendeleza nyingine iliyoitwa Sodipodi. Mwaka 2003 watengenezaji wanne waliokuwa wakisaidia Sodipodi walitofautiana na mwenzao juu ya njia ya kufuata. Wao walitaka kuifuata lugha ya SVG kikamilifu, na kuufungua mlango zaidi kwa kila mwenye kutaka kusaidia. Wakachukua nakala yao na kuiita Inkscape. Hapakuwa na kesi mahakamani, maana leseni yenyewe, iitwayo GPL, ilimruhusu kila mtu kufanya hivyo, mradi naye asiwafungie wengine. Toleo walilokubali kuliita 1.0 lilitoka mwaka 2020, zaidi ya miaka kumi na sita baada ya kuanza. Na katika toleo hilo maneno ya kisandukuni yalianza kuandikwa kwa namna ambayo hata kivinjari kisichojua kuyakunja huweza kuyaonyesha. Nilipoliona hilo nilikaa kimya kidogo mbele ya kompyuta, kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali.

Pili, watu hao wanakula kwa njia mbalimbali. Wako wenye kazi zao za mchana, wanaofanya hii usiku na siku za mapumziko. Wako walimu, na wako wachoraji. Google ilianza mwaka 2005 mpango wa kuwalipa vijana wakati wa likizo ili wafanye kazi katika programu huria, na Inkscape ilipata vijana wa namna hiyo katika miaka kadhaa. Iko michango ya watumiaji, nayo hutunzwa na shirika la Marekani liitwalo Software Freedom Conservancy, ambalo Inkscape ilijiunga nalo mwaka 2006. Kwa hiyo, binti yangu, programu hii si ya bure kama mvua. Ni ya bure kama maji ya kisima ambacho watu walichimba kwa mikono yao, kisha wakasema mpita njia asizuiwe kuteka. Kisima kama hicho kisipofukuliwa hujaa tope, na kamba ikikatika lazima mtu alete nyingine.

Najua yako maneno yatakayosemwa dhidi yangu, na ni haki yasemwe. Mzazi mmoja alinijia siku ya mkutano wa wazazi akasema, "Mwalimu, mwanangu anakuja hapa kwa ajili ya mtihani, si kuchora." Ninamheshimu sana, na namjibu hivi. Sisemi tuondoe saa hata moja ya hesabu au kemia. Lakini mtoto atakayeandika hatua zake za kazi kwa namna ambayo mtu wa ng'ambo aweza kuzifuata bila kumwona usoni, mtoto huyo amejifunza jambo litakalomfaa mtihanini na nje ya mtihani.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia kwamba rahisi ni ghali, na kwamba wenye kazi zao hutumia programu za kununua. Ana haki kwa sehemu. Inkscape haikushinda programu zote kwa kila kazi. Rangi zake zilizoeleka ni zile za kioo cha kompyuta, nyekundu, kijani na buluu, na mpiga chapa anataka rangi nne za wino wake. Wanaotayarisha jalada letu wanajua jinsi tunavyohangaika kila muhula, na jinsi tunavyopitisha kazi katika Scribus kabla ya kuipeleka kiwandani. Mwanafunzi asiambiwe kwamba chombo chake hakina kasoro. Aambiwe kasoro ni ipi, aielewe sababu yake, ajue njia ya kuizunguka, na ajue pa kuipeleka. Programu ya kununua ikiwa na kasoro, sisi hatuna mlango wa kubisha. Na ile ya kuibwa, kama alivyoniambia Mzee wangu wa dukani, haina hata wa kumlalamikia.

Wengine watasema London ni mbali, na si kila mtu atapata safari kama yangu. Ni kweli, nami naomba mtu asidhani nawaambia wanafunzi waote safari za Ulaya. Mikutano ya namna hii mara nyingi hurekodiwa, na rekodi huwekwa mahali ambapo kila mtu aweza kuzitazama. Mazungumzo ya kazi yenyewe huandikwa wazi. Aliyeketi katika chumba chetu cha kompyuta, siku ambayo umeme upo na mtandao haujagoma, aweza kusoma mabishano yale yale niliyoyasikia, na kuyajibu. Nilichokipata London si siri iliyofungiwa huko. Ni moyo wa kuinua mkono.

Lakini maneno bila vitendo ni debe tupu, kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa Mwalimu Mkuu na kwa wenzangu.

La kwanza, liwekwe daftari la kasoro katika chumba cha kompyuta, limefungwa kwa kamba mezani lisipotee. Kila mwanafunzi akikuta kitu kisichofanya kama inavyotakiwa, aandike kwa utaratibu nilioueleza hapo juu. Mwisho wa mwezi tutayasoma pamoja. Mengi yatakuwa makosa yetu wenyewe, kama lilivyokuwa la kwangu kwa nusu yake, na hilo nalo ni somo. Yale yatakayobaki tutayatuma.

La pili, michoro ya masomo yetu tuichore wenyewe, tuiache wazi kwa shule nyingine: moyo na mishipa yake, ramani ya wilaya, viungo vya mtama na muhogo. Kila mwaka twalipa kunakili michoro hafifu iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine, mpaka figo na ini havitambulikani. Mchoro mmoja mzuri wa vekta ulioandikwa kwa Kiswahili waweza kutumika katika shule mia, na kila shule ikausahihisha.

La tatu, na hili lanigusa zaidi, tuanze kufasiri. Katika vikao vile nilisikia kwamba si lazima mtu ajue kutunga programu ndipo asaidie. Wako wanaoandika masomo ya kuwafundisha wengine, wako wanaojaribu matoleo mapya kabla hayajatoka, wako wanaofasiri, na kabla ya matoleo kadhaa makubwa hufanywa mashindano ya wachoraji ili mchoro wa mshindi uwe ukurasa wa kwanza wa programu. Kazi ya kufasiri itatutoa jasho, lakini maneno hayatatushinda. Nukta inayoshika mkunjo mahali pake tuiite nini? Mwanafunzi mmoja alipendekeza kifundo, kwa kuwa baba yake husuka nyavu. Karatasi moja juu ya nyingine tumekwisha kuziita matabaka, kama katika jiografia. Rangi inayofifia kidogo kidogo kutoka nyeusi hadi nyeupe bado inatusumbua. Tuwaulize washonaji, maseremala, wapaka rangi na waunda majahazi. Wao hufanya kazi hizi kila siku, na maneno wanayo. Kazi yetu ni kuyaokota na kuyaweka mahali pake.

Haba na haba hujaza kibaba. Sitazamii kwamba mwakani shule yetu itatunga programu ya kushangaza ulimwengu. Natazamia kwamba mwanafunzi atakayetoka hapa hatasema "kompyuta imekataa" na kukunja mikono, na hatakaa miaka saba na kasoro moja kama nilivyokaa mimi.

Jambo la mwisho. Binti yule aliyeuliza swali alikuja kwangu wiki mbili zilizopita. Alikuwa amechora ramani ya mto wetu, na kila alipoigeuza kwa pembe fulani jina la mto lilihama mahali pake. Tulijaribu mara tano pamoja, tukaandika kila hatua, tukapunguza faili mpaka likabaki mstari mmoja na neno moja. Tulitafuta kama mwingine amekwisha kulisema, hatukuona. Ijumaa alituma taarifa mwenyewe, kwa Kiingereza chake, nami sikumsahihisha ila neno moja. Hatujapata jibu. Huenda tukaambiwa kwamba kosa ni letu, nasi tutashukuru.

Daftari limekwisha kununuliwa. Chama cha michoro kitakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika chumba cha kompyuta. Anayetaka kuja aje na penseli, rula, na swali.